Ujifunzaji wa wimbo kwa ndege

Ujifunzaji wa wimbo kwa ndege ni mchakato ambao ndege wachanga wa spishi nyingi husikiliza nyimbo za ndege wakubwa, huzihifadhi katika kumbukumbu, kisha hujizoeza kuziimba mpaka waweze kuziiga. Ndege mkubwa anayeigwa huitwa ndege mwalimu. Mara nyingi huyo ni baba wa kinda au dume jirani. Ndege aliyekosa mwalimu hukua akiimba wimbo duni, na hilo linaweza kumfanya ashindwe kulinda eneo lake au kumpata mwenzi.

Uwezo wa kujifunza sauti kwa kuiga ni nadra kati ya wanyama. Mbali na baadhi ya ndege, umethibitishwa kwa binadamu, nyangumi na pomboo, popo, sili na tembo. Nyani na sokwe, ambao ni jamaa zetu wa karibu zaidi, wana uwezo mdogo sana wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo ndege waimbaji wamekuwa wanyama muhimu katika utafiti wa jinsi mtoto wa binadamu anavyojifunza kusema.

Mlio na wimbo

Katika mazungumzo ya kila siku sauti yoyote ya ndege huweza kuitwa wimbo, lakini wanabiolojia hutofautisha mlio na wimbo. Mlio ni sauti fupi yenye kazi maalumu, kama vile kuonya juu ya mwewe, kuita wenzake au kuomba chakula. Wimbo huwa mrefu zaidi na wenye mpangilio, na kwa kawaida hutumika kutangaza umiliki wa eneo na kuvutia mwenzi.

Milio mingi ndege huzaliwa nayo. Jogoo hahitaji kufundishwa kuwika. Mwaka 1963 Masakazu Konishi alionyesha kwamba kuku walioondolewa uwezo wa kusikia tangu wakiwa wadogo walitoa milio ya kawaida ya kuku. Kwa ndege anayejifunza, mambo ni tofauti kabisa: asiposikia, wimbo wake huharibika.

Sauti ya ndege hutoka katika sirinksi, kiungo kilichopo mahali ambapo bomba la pumzi hugawanyika kuelekea mapafu mawili. Kwa ndege waimbaji pande mbili za sirinksi huweza kuendeshwa kila moja peke yake, kwa hiyo ndege mmoja anaweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Kuendesha kiungo hicho pamoja na pumzi na mdomo kunahitaji mazoezi mengi.

Ndege wanaojifunza

Makundi matatu ya ndege yanajulikana kwa kujifunza sauti:

- Ndege waimbaji wa kweli (nusuoda Passeri ya oda Passeriformes), kama vile shomoro, chiriku, chozi, kurumbiza na kunguru. Spishi zao ni zaidi ya 4,000, yaani karibu nusu ya spishi zote za ndege duniani.
- Kasuku, ambao huendelea kujifunza sauti mpya maishani mwao. Kasuku wa kijivu (Psittacus erithacus) wa misitu ya Kongo na nchi jirani ni mashuhuri kwa kuiga maneno ya watu.
- Ndege wavumaji wa bara la Amerika.

Njiwa, kuku na bata hawahitaji mwalimu. Vilevile jamaa wa karibu wa ndege waimbaji, yaani nusuoda Tyranni inayopatikana hasa Amerika, kwa sehemu kubwa huzaliwa na wimbo wao. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1991, Sayornis phoebe waliolelewa bila kusikia chochote waliimba wimbo wa kawaida wa spishi yao.

Historia ya utafiti

Wafugaji wa ndege walijua tangu zamani kwamba kinda huiga ndege aliye karibu naye. Maelezo ya kwanza ya kisayansi yaliandikwa na Daines Barrington, mwanasheria wa Uingereza, mwaka 1773. Alichukua makinda wa spishi moja ya jamii ya chiriku (Linaria cannabina) na kuwalea karibu na kipozamataza na ndege wengine. Makinda hao waliimba wimbo wa walezi wao, si wa wazazi wao. Barrington pia alilinganisha majaribio ya kwanza ya kinda na sauti za mtoto mchanga anayeanza kusema. Charles Darwin alirudia ulinganisho huo katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu.

Utafiti haukuweza kusonga mbele sana wakati sauti zilipimwa kwa sikio tu. Katika miaka ya 1940 ilitengenezwa mashine ya spektrografu, inayochora sauti kwenye karatasi ikionyesha jinsi kimo chake kinavyobadilika kadiri muda unavyopita. Katika miaka ya 1950 William Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliitumia kuchunguza ndege wa Ulaya aitwaye Fringilla coelebs. Makinda aliowalea mbali na ndege wakubwa waliimba wimbo wenye urefu unaokaribia ule wa kawaida, lakini bila mapambo na mpangilio wake. Kwa hiyo sehemu fulani ya wimbo ilikuwa ya kurithiwa na sehemu nyingine ya kufundishwa.

Mwanafunzi wake Peter Marler alihamia California na kuendeleza kazi hiyo kwa ndege Zonotrichia leucophrys, mwenye mistari myeupe na myeusi kichwani. Mwaka 1962 Marler na Miwako Tamura walieleza kwamba madume wa sehemu tatu za pwani ya California walikuwa na lahaja tofauti za wimbo mmoja. Konishi, aliyesoma chini ya Marler, aliongeza jambo la msingi mwaka 1965. Aliondoa uwezo wa kusikia wa ndege ambao walikuwa wamekwisha kusikia wimbo wa mwalimu lakini hawajaanza kuimba. Ndege hao hawakuweza kuuimba. Hivyo ilibainika kwamba kumbukumbu peke yake haitoshi. Ni lazima ndege ajisikie mwenyewe ili alinganishe sauti yake na ile anayoikumbuka.

Hatua za kujifunza

Kusikiliza

Katika hatua ya kwanza kinda husikiliza na kuhifadhi wimbo. Kumbukumbu hiyo huitwa kiolezo, kwa sababu baadaye ndiyo ndege atakayoitumia kupima sauti yake. Katika majaribio ya Marler, makinda wa Zonotrichia leucophrys waliosikilizishwa wimbo wa spishi yao kwa kinasasauti kati ya siku ya 10 na ya 50 tangu kuanguliwa waliujifunza. Waliousikia baadaye tu hawakuujifunza. Muda wa namna hiyo huitwa kipindi nyeti. Methali ya Kiswahili isemayo "udongo uwahi ungali maji" inafaa kuueleza.

Kinda haanzi akiwa kama karatasi tupu. Akisikilizishwa wimbo wa spishi yake pamoja na wimbo wa spishi nyingine, kwa kawaida huchagua ule wa spishi yake. Marler na Susan Peters walionyesha hilo mwaka 1977 kwa ndege aitwaye Melospiza georgiana. Makinda hao hawakuwahi kumsikia ndege mkubwa, lakini waliiga silabi za spishi yao na kuacha zile za jamaa yao wa karibu. Urithi, kwa hiyo, humwelekeza kinda amsikilize nani.

Kujizoeza

Hatua ya pili huanza ndege anapofungua mdomo kuimba. Mwanzoni hutoa sauti za chini, zisizo na mpangilio, mara nyingi akiwa amejificha au anasinzia. Huo ni wimbo wa mwanzo, nao hulinganishwa na sauti za mtoto mchanga anayesema "ba-ba-ba". Baadaye silabi za mwalimu huanza kusikika ndani yake. Sauti bado hubadilika kutoka siku hadi siku, na mwanafunzi hujaribu silabi nyingi kuliko atakazobaki nazo. Kwa spishi kadhaa miezi hupita kati ya kusikiliza na kuanza mazoezi, na wakati huo wote kiolezo hubaki katika kumbukumbu bila kuimbwa.

Kukomaa

Mwishowe wimbo hutulia na kurudiwa karibu vilevile kila mara. Ongezeko la homoni ya testosteroni ndege anapokomaa husaidia hatua hii. Ndege mdogo wa Australia aitwaye Taeniopygia guttata, ambaye hutumiwa sana maabara, hupitia hatua zote kwa muda mfupi. Husikiliza takriban kati ya siku ya 25 na ya 65, huanza mazoezi karibu na siku ya 35, na wimbo wake hukomaa karibu na siku ya 90. Kwake hatua mbili za mwanzo hupishana.

Kuna spishi ambazo hazifungi mlango wa kujifunza. Chiriku wa kufugwa (Serinus canaria) hubadilisha sehemu za wimbo wake kila mwaka, na kuzi wa Ulaya (Sturnus vulgaris) huongeza sauti mpya hata uzeeni.

Nafasi ya mwalimu

Kusikia sauti si sawa na kufundishwa. Mwaka 1984 Luis Baptista na Lewis Petrinovich waliwaweka makinda wa Zonotrichia leucophrys wenye umri wa zaidi ya siku 50 karibu na walimu hai badala ya kinasasauti. Makinda hao walijifunza, ingawa muda uliodhaniwa kuwa mwisho ulikuwa umepita. Baadhi walijifunza hata wimbo wa spishi nyingine. Mwalimu anayeonekana na kujibu huweza basi kurefusha kipindi nyeti na kushinda upendeleo wa kurithiwa.

Kwa Taeniopygia guttata jambo hili ni wazi zaidi. Kinda anayechezewa tu sauti kutoka spika hujifunza vibaya, lakini akiruhusiwa kubonyeza kitufe ili asikie wimbo hujifunza vizuri zaidi. Makinda waliolelewa na spishi nyingine huiga wimbo wa mlezi anayewalisha, hata kama madume wa spishi yao wanasikika chumbani. Klaus Immelmann alieleza jambo hilo mwaka 1969. Ikiwa kinda hana mwalimu yeyote, kipindi chake nyeti hukawia kufungwa, kana kwamba ubongo unaendelea kumngoja.

Mwalimu naye hubadilika mbele ya mwanafunzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba madume wa spishi hiyo wanapomwimbia kinda huacha nafasi ndefu zaidi kati ya vipande vya wimbo na kurudia zaidi silabi za utangulizi. Makinda waliomsikiliza mwalimu kwa makini walimwiga vizuri zaidi. Wazazi wa binadamu nao huongea polepole na watoto wachanga.

Nafasi ya majike

Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba wimbo ni kazi ya madume, kwa sababu watafiti wengi waliishi Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako majike wa spishi nyingi hawaimbi. Katika nchi za tropiki majike wengi huimba, na spishi kadhaa za Afrika, kama vile ndege wa jenasi Laniarius, huimba kwa kupokezana dume na jike kiasi kwamba msikilizaji hudhani ni ndege mmoja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta wimbo wa majike katika asilimia 71 ya spishi zilizochunguzwa, na kuhitimisha kwamba majike wa mababu wa ndege waimbaji waliimba pia.

Hata jike asiyeimba hujifunza. Binti wa Taeniopygia guttata hukariri wimbo wa baba yake na baadaye hupendelea nyimbo zinazofanana nao. Kwa ndege wa Amerika Kaskazini aitwaye Molothrus ater, jike hupiga bawa kidogo dume mchanga anapoimba kipande kinachompendeza, na dume hurudia kipande hicho zaidi. Meredith West na Andrew King walieleza jambo hilo mwaka 1988. Anayefundisha hapa hatoi sauti yoyote.

Ubongo wa ndege mwimbaji

Mwaka 1976 Fernando Nottebohm na wenzake walieleza mtandao wa viini vya ubongo vinavyoongoza wimbo wa chiriku. Mtandao huo una njia mbili kuu. Njia ya kwanza huanzia kiini kiitwacho HVC, hupitia kiini RA na kufikia misuli ya sirinksi na ya pumzi. Hiyo ndiyo njia ya kuimba. Njia ya pili huzunguka kupitia Eneo X na talamasi hadi kiini LMAN, kisha hurudi RA. Hiyo ndiyo njia ya kujifunza.

Tofauti ya kazi zake ilionekana mwaka 1984, Sarah Bottjer na wenzake walipoharibu LMAN. Ndege wakubwa waliendelea kuimba kama kawaida, lakini wachanga walishindwa kukuza wimbo wao. Baadaye iligunduliwa kwamba LMAN huleta mabadiliko ya kubahatisha katika sauti ya mwanafunzi. Mabadiliko hayo yana faida, kwa kuwa bila kujaribu sauti tofauti ndege hawezi kugundua ipi inakaribia kiolezo. Seli zinazotoa dopamini katika Eneo X hubadilisha utendaji wao kulingana na matokeo: hupungua sauti inapokosea na huongezeka inapotoka vizuri kuliko ilivyotarajiwa.

Usingizi pia una sehemu yake. Mwaka 2000 Amish Dave na Daniel Margoliash waliripoti kwamba seli za RA za ndege aliyelala hurudia mpangilio wa umeme unaofanana na ule wa wakati wa kuimba. Aidha, uchunguzi wa ubongo wa chiriku katika miaka ya 1980 ulithibitisha kwamba seli mpya za neva huzaliwa kwa ndege mkubwa, kinyume na imani ya wakati huo kwamba ubongo wa mnyama mzima hauongezi seli.

Lahaja na utamaduni

Kwa kuwa wimbo hupita kutoka kizazi hadi kizazi kwa kuigwa, makosa madogo na mapendeleo hujikusanya, na lahaja huzaliwa. Huu ni utamaduni kwa maana ya kibiolojia. Nchini Kanada wimbo wa Zonotrichia albicollis uliokuwa ukimalizika kwa sauti tatu tatu ulianza kubadilishwa magharibi na wimbo wa sauti mbili mbili. Kufikia mwaka 2019 mtindo huo mpya ulikuwa umeenea hadi katikati ya nchi.

Urithi hata hivyo huuwekea utamaduni mipaka. Mwaka 2009 Olga Fehér na wenzake walimtumia dume wa Taeniopygia guttata aliyekua bila mwalimu kuwa mwalimu wa makinda. Wanafunzi wake walimwiga, lakini kwa marekebisho madogo. Wanafunzi wa wanafunzi wakarekebisha tena, na baada ya vizazi vitatu au vinne wimbo ulifanana na ule wa ndege wa porini.

Mifano ya Afrika

Acrocephalus palustris huzaliana Ulaya na huhamia kusini-mashariki mwa Afrika kupitia Afrika ya Mashariki. Baba huacha kuimba mapema, kwa hiyo makinda wana nafasi ndogo ya kumsikia. Badala yake huiga ndege wa spishi nyingine. Françoise Dowsett-Lemaire alionyesha mwaka 1979 kwamba kila dume huiga wastani wa spishi 76, na kwamba spishi zilizotambuliwa katika nyimbo zote zilikuwa 212, zaidi ya nusu yake zikiwa za Afrika. Dume anayeimba Ubelgiji anatoa hivyo sauti za ndege wa njia yake ya uhamaji.

Fumbwe wa spishi Vidua chalybeata hutaga katika viota vya Lagonosticta senegala, ndege mdogo mwekundu anayeonekana hata karibu na nyumba. Dume wa fumbwe hujifunza nyimbo za spishi iliyomlea. Jike naye huchagua dume anayeimba wimbo wa walezi wake, na hutafuta viota vya spishi hiyohiyo. Kinda akilelewa na mwenyeji mpya, wimbo na mapendeleo hubadilika pamoja. Inaaminika kwamba spishi mpya za fumbwe zimetokea kwa njia hiyo.

Chozi wa milima ya Afrika ya Mashariki, ikiwemo Milima ya Tao la Mashariki ya Tanzania, wanaonyesha upande mwingine. Watafiti, wakiwemo Watanzania, waliripoti mwaka 2021 kwamba jamii zilizotenganishwa juu ya milima tofauti kwa mamia ya maelfu ya miaka bado zinaweza kuimba nyimbo zinazokaribiana sana, wakati jamii nyingine zimebadilika kwa ghafla. Nyimbo zinazojifunzwa si lazima zibadilike haraka.

Umuhimu kwa uhifadhi

Ndege wanaojifunza hukabiliwa na hatari ambayo wengine hawana: wimbo unaweza kutoweka kabla ya spishi yenyewe. Anthochaera phrygia wa kusini-mashariki mwa Australia amebaki na mia chache tu porini, kwa sababu ya kukatwa kwa misitu. Ndege waliobaki wametawanyika mno kiasi kwamba madume wengi wachanga hawakutani na mwalimu. Utafiti wa mwaka 2021 ulikuta kwamba asilimia 12 ya madume hawakuimba wimbo wa spishi yao kabisa, bali waliiga ndege wengine. Madume wenye nyimbo zisizo za kawaida walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata mwenzi na kujenga kiota, kwa hiyo uchache huzaa uchache zaidi.

Tatizo hilohilo huwapata ndege wanaozaliwa katika bustani za wanyama ili waachiliwe porini. Kwa hiyo wahifadhi wa Australia wameanza kuwafundisha makinda wakiwa wafungwa, kwa kuwachezea wimbo wa porini na kuwaweka karibu na madume wanaoujua. Idadi ya ndege peke yake haitoshi; lazima ujuzi wao ubaki pia.

Ulinganisho na usemi wa binadamu

Ndege na binadamu wametengana kimageuko kwa takriban miaka milioni 300, lakini njia zao za kujifunza sauti zinafanana. Wote wana kipindi nyeti, wote huanza kwa sauti zisizo na mpangilio, na wote huhitaji kujisikia. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hupata shida kubwa kujifunza kusema kwa sauti, kama ndege wa Konishi. Jeni FOXP2, ambayo kasoro yake huleta matatizo ya usemi kwa binadamu, hufanya kazi pia katika Eneo X: ilipopunguzwa nguvu kwa ndege wachanga katika jaribio la mwaka 2007, waliiga mwalimu kwa makosa na mapengo.

Tofauti nazo ni kubwa. Wimbo wa ndege haujengwi kwa maneno yenye maana yanayoweza kupangwa upya ili kusema jambo jipya. Kinachofanana ni jinsi sauti inavyojifunzwa, si lugha yenyewe.

Tazama pia

- Ndege
- Fumbwe
- Chozi
- Kasuku
- Lugha
- Ubongo